Friji ya zamani, ndoo ya lita 20 na bia inayochoma koo

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Huu ni mwaka wa pili natengeneza bia nyumbani, lita 20 kila mkupuo, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Chumba ninachoiweka kina nyuzi 27 hadi 29 mchana, usiku hushuka mpaka 23. Mikupuo mitatu ya mwisho imeniharibikia: miwili inanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha na inachoma koo, mmoja unanuka ndizi mbivu. Mwenzangu anasema hiyo ni methanoli, niimwage kabla haijanipofusha. Sasa nimepata friji ya zamani ambayo bado inagandisha vizuri. Nimepanga nitoboe ubavuni nipitishe waya, ning'oe themostati yake nifunge ya kidijitali, kihisi kining'inie katikati ya friji, na niweke balbu ya wati 60 ya kupasha joto usiku. Nitaiseti nyuzi 15 ili niwe na uhakika. Niko sawa? Na chupa 30 zilizobaki nizifanyeje?"

Jibu: Nianze na methanoli, maana hofu hiyo ikikukaa kichwani hutasikia mengine nitakayosema. Harufu unayoieleza si ya methanoli. Methanoli hutokana hasa na pektini, ile gundi ya asili iliyomo kwenye maganda na nyama ya matunda, na kimea cha nafaka kina pektini kidogo mno. Joto la chumba haligeuzi sukari ya kimea kuwa methanoli. Watu wanaopofuka au kufa kwa methanoli kwa kawaida huwa wamekunywa pombe kali iliyochanganywa na methanoli ya viwandani, si bia iliyochachuka kwenye ndoo. Ila nisieleweke vibaya: mtu yeyote aliyekunywa pombe ya aina yoyote kisha akaanza kuona ukungu, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mambo ya kubishana ilikuwa pombe gani yatafuata baadaye.

Unachonusa ni kazi ya chachu iliyopata joto kupita kiasi. Chachu ya kawaida ya bia, Saccharomyces cerevisiae, hutumia siku mbili tatu za mwanzo kuzaliana. Inapojenga seli mpya inavunjavunja asidi za amino zilizotoka kwenye kimea, na mabaki ya ujenzi huo ni alkoholi nzito, zile zinazochoma koo na kuifanya bia nyepesi ionje kama pombe kali. Mkemia Mjerumani Felix Ehrlich aliieleza njia hii mwaka 1907, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sambamba na hizo huzaliwa esta. Isoamili asetati ndiyo ndizi yako. Ethili asetati ndiyo ile dawa ya kucha. Kwa kiasi kidogo esta ndizo zinazoipa bia harufu ya matunda tunayoipenda, na zipo bia za ngano za Ujerumani ambazo watu huzitafuta kwa ajili ya ndizi hiyohiyo. Joto likizidi wakati chachu inazaliana, kiasi kinapita mpaka.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hutalipenda. Ethili asetati hutengenezwa pia na chachu za mwituni zinazoingia kupitia vifaa visivyosafishwa sawasawa. Ukiona utando mweupe juu ya bia, au ladha ya ukakasi na uchachu ambao hukuutarajia, friji haitakusaidia. Tupa ndoo yenye mikwaruzo pamoja na mipira ya kunyonyea, uanze na vifaa vipya. Lakini kwa jinsi ulivyokieleza chumba chako, mimi nalishuku joto kwanza.

Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya: nyuzi 28 za chumba si nyuzi 28 za bia. Chachu ikila sukari inatoa joto. Chukua lita zako 20 za maji ya kimea zenye kipimo cha 1.050 kwenye haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyoyeyuka ni nyingi kiasi gani. Ndani yake mna karibu kilo 2.6 za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Chachu itakula takriban kilo 1.7, na kila kilo inayoliwa inatoa karibu kilojuli 600, kwa hiyo jumla ni kama kilojuli 1,000. Kupandisha lita 20 kwa nyuzi moja tu kunahitaji kilojuli 84. Piga hesabu: kama ndoo isingepoteza joto lolote, ingepanda nyuzi 12 kwa nguvu ya chachu peke yake. Kwa kuwa inapoteza joto kupitia kuta zake, bia huwa juu ya hewa iliyoizunguka kwa nyuzi 3 hadi 5 siku zile povu linapofura. Kipimajoto cha ukutani kinakwambia 28, na wakati huohuo bia inachachuka kwenye 31, pengine 33. Hapo koo lazima lichomwe.

Si wewe wa kwanza kusumbuliwa na hili. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, Ujerumani, Albrecht wa Tano, alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa bia za majira ya joto zilikuwa zinaharibika. Marufuku ile haikuponya tatizo, ililikwepa tu. Dawa ilipatikana miaka ya 1870, mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipozijaribu mashine zake za kupoza kwenye kiwanda cha bia cha Spaten mjini München. Kwa hiyo ukiitia ndoo yako kwenye friji unairudisha friji nyumbani kwao.

Tuje kwenye nyuzi 15. Hapo hofu imekusukuma ukaangukia upande wa pili. Umeungua kwa joto, sasa unaona baridi zaidi ndiyo usalama zaidi. Chachu nyingi za kawaida hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Ukizishusha hadi 15, baadhi zitachelewa kuanza, nyingine zitazubaa katikati na kulala chini kabla ya kumaliza sukari. Bia ikiishia hapo hubaki na asetaldehidi, inayonukia tofaa bichi, na diasetili, inayonukia siagi. Hivi viwili chachu huvitoa yenyewe na kuvifyonza yenyewe mwishoni, lakini iwe macho na iwe na joto la kutosha. Nyuzi 8 hadi 13 ni za chachu ya laga, Saccharomyces pastorianus, ambayo ni kiumbe kingine chenye ratiba nyingine. Wewe seti 18.5 au 19. Pakiti ya chachu yako imeandikwa mipaka yake; lenga robo ya chini ya mipaka hiyo kwa siku tatu za kwanza.

Sasa kihisi. Mpango wako una makosa kadhaa, ila hili la kukining'iniza katikati ya friji ndilo lingekurudisha palepale ulipotoka, tena ukiwa umeshaingia gharama. Friji yenye nafasi ya lita 200 ina hewa yenye uzito wa robo kilo hivi. Hewa hiyo inapanda nyuzi moja kwa robo kilojuli tu, na bia yako inataka 84. Tofauti ni zaidi ya mara 300. Ukiipima hewa, kompresa itawaka na kuzima kila ukifungua mlango, kila hewa ikitikisika. Kidhibiti, yaani hiyo themostati yako ya kidijitali, kitakuonyesha 19 kwa fahari kumbe katikati ya ndoo mna 22 au 23. Utaniandikia tena unilalamikie kwamba friji imeshindwa.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa: wanazamisha mrija wa chuma uliozibwa chini hadi katikati ya bia na kutia kihisi humo. Ni njia sahihi kwa kupima, lakini kwa kuongoza friji ina adha yake. Lita 20 hazipoi haraka. Kihisi kikisubiri kiini cha bia kishuke, friji itaendelea kupoza hewa mpaka nyuzi 2 au 3, na kompresa ikizima baridi hiyo bado ipo ndani, inaendelea kuivuta bia chini kupita pale ulipotaka. Mimi nimetulia kwenye njia ya katikati, kihisi kwenye ubavu wa ndoo, na sijaona sababu ya kuiacha.

Inafanyika hivi. Futa ubavu wa ndoo mpaka ukauke. Weka kihisi usawa wa katikati ya kimo cha bia, kilale juu ya plastiki kwa urefu wake wote. Kifunike na kipande cha povu gumu au sponji nene, ukubwa wa kiganja, unene wa sentimita 2 au 3, ili kisisikie hewa ya friji bali kisikie ndoo peke yake. Kisha zungushia mkanda ndoo nzima na uukaze. Usitegemee selotepu. Nasema hivi kwa sababu mimi nilitegemea selotepu. Niliufungua mlango usiku mmoja kulitazama povu, nikaufunga, nikasafiri siku mbili. Unyevu ulikuwa umeshaibandua selotepu. Waya ulivutwa na mlango, kihisi kikabaki kinaning'inia nje. Kwa siku mbili friji ilikuwa inapima joto la sebule na kujaribu kulipoza kwa kuigandisha bia yangu. Niliporudi kompresa inanguruma, mfuniko wa ndoo umekakamaa, na nilipoutikisa nilisikia vipande vya barafu vikigongana ndani. Tangu siku hiyo natumia mkanda wa kufungia mizigo, na waya naufunga pia kwenye mpini wa ndoo ili hata ukivutwa, kihisi kisisogee.

Kuhusu kutoboa: usitoboe. Gusa mbavu za friji ikiwa inafanya kazi. Zikiwa na uvuguvugu, mabomba ya gesi yamepita humohumo ndani ya ukuta, na ncha ya dreli haitakuuliza yako wapi. Ukilitoboa moja, friji imekwisha. Halafu tazama kibandiko cha nyuma au kilicho karibu na kompresa: kikiandikwa R600a, gesi hiyo ni isobyuteni, inayoshika moto, na dreli inatoa cheche. Friza za kulala ndizo mbaya zaidi kwa hili, kwa kuwa nyingi zimezungushiwa mabomba pande zote. Hata hivyo huna haja ya tundu lolote. Waya wa kihisi ni mwembamba. Upitishe kwenye mpira wa mlango, upande wa bawaba, na mpira utauzunguka. Baridi itakayovuja hapo ni ndogo sana.

Themostati ya friji nayo iache mahali pake. Izungushe tu hadi kwenye baridi kabisa, ili isije ikaizima friji kabla kidhibiti chako hakijaamua. Kazi ya kuamua iwe nje: friji inachomekwa kwenye kidhibiti, kidhibiti kinachomekwa ukutani. Vipo vya aina mbili. STC-1000 ni kiboksi cha kufunga waya mwenyewe, bei yake ni ndogo, lakini kinahitaji mtu anayezijua nyaya tatu za umeme, laini, nutro na ethi (ile ya ardhini), na boksi la kukifungia. Inkbird ITC-308 kinakuja tayari na plagi na soketi mbili, moja ya kupoza na moja ya kupasha. Kwa mtu anayeuliza swali ulilouliza wewe, nachagua hicho cha pili bila kufikiri mara mbili. Sikudharau, unachokipunguza hapo ni idadi ya viungo vya umeme vilivyofungwa kwa mkono karibu na ndoo ya maji.

Friji yako kuwa ya zamani ni bahati. Friji yenye kitufe cha kuzungusha ikikatiwa umeme na kurudishiwa inaendelea na kazi yake. Nyingi za kisasa zina ubao wa kielektroniki. Ukizikatia umeme zinarudi kwenye hali ya kusubiri mpaka ubonyeze kitu, na zile za inveta zimeundwa kupunguza mwendo polepole, si kukatwakatwa. Jaribu kabla hujanunua chochote: ichomoe, subiri dakika 10, ichomeke. Ikinguruma yenyewe bila wewe kugusa kitufe, inafaa.

Hizo dakika 10 zina sababu. Kompresa inapozima, gesi upande mmoja bado ina mgandamizo mkubwa na upande wa pili mdogo. Inachukua dakika kadhaa pande mbili kulingana. Ukiiwasha kabla ya hapo, mota inasukuma ukuta: inakwama, inavuta umeme mwingi, inachemka, na kinga yake ya joto inaikata. Ikirudiwa mara nyingi, mota inaungua. Ndiyo maana kila kidhibiti cha maana kina mpangilio wa kuchelewesha kompresa. Weka dakika 5. Ukiweka 10 bia haitajali, kwa kuwa katika dakika 10 lita 20 hazipandi hata kwa kiasi cha kuonekana. Pengo la kuwasha na kuzima liwe nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Watu hupenda kuweka sehemu ndogo kabisa ya nyuzi ili namba ya kwenye kioo isimame tuli. Kioo kinapendeza, kompresa inaumia, na chachu haikuona tofauti.

Balbu ya wati 60 sasa. Usiku wako wenye baridi kuliko wote una nyuzi 23. Bia unaitaka 19. Unapasha nini? Hakuna saa hata moja, mchana au usiku, ambapo chumba chako kitaipoza bia chini ya unapotaka. Hata ukifika mwisho na kutaka kuipandisha hadi 21 au 22, pandisha namba kwenye kidhibiti, chumba na chachu vitafanya kazi hiyo bure. Soketi ya kupasha iache tupu. Na kama siku moja utahamia penye baridi, bado isiwe balbu. Mwanga huvunja viungo vichungu vya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu ya kicheche, na ndoo nyeupe ya plastiki hupitisha mwanga. Isitoshe, balbu ya moto ndani ya kabati la plastiki lenye matone ya maji ni moto unaosubiri siku yake. Kitambaa cha umeme cha kupashia cha wati 25 au 30, kinachozungushiwa ndoo, kinatosha.

Mambo madogo yatakayokukera ni unyevu na nafasi. Friji ikifanya kazi kwenye nyuzi 19 inatokwa jasho, na ukungu unapenda kona za mpira wa mlango. Weka bakuli la kloridi ya kalsiamu, chumvi inayofyonza unyevu, ifute kila mkupuo unapokwisha, iache wazi ikiwa tupu. Pima kimo cha ndoo pamoja na kipumulio chake, kile cha juu ya mfuniko kinachotoa gesi, kabla hujatoa rafu, ukikumbuka kile kibonge cha kompresa nyuma chini kinachokula nafasi. Ndoo iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo 21, kwa hiyo weka ubao chini yake, plastiki ya sakafu ya friji haikuundwa kubeba mzigo huo. Kidhibiti kikae nje, juu kuliko sakafu, na waya wake ufanye mkunjo unaoning'inia chini yake ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Kuna hewa pia. Mkupuo mmoja wa lita 20 unatoa zaidi ya lita 400 za kabonidayoksaidi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inajaa chini kama maji. Kwenye friji ya kusimama unafungua mlango inamwagika sakafuni, ukiwa na dirisha wazi imekwisha. Kwenye friza ya kulala inabaki ndani kama bwawa. Usiinamishe kichwa humo kunusa bia. Fungua, subiri, pepea na kipande cha boksi, ndipo uiname.

Je, friji ndiyo njia pekee? Hapana, na nisingekuwa mkweli nisipokwambia hivyo. Unaweza kutengeneza boksi la povu gumu la sentimita 60 kwa 60 kwa 80, unene wa sentimita 5, ukaweka ndani ndoo na chupa za maji zilizogandishwa. Nje kukiwa 29 na ndani unataka 19, kuta za boksi hilo zitapitisha wati 19 hivi, sawa na kilojuli 1,600 kwa siku. Chupa ya lita moja na nusu iliyoganda inafyonza karibu 650 hadi iyeyuke na kufikia nyuzi 19. Kwa hiyo chupa mbili na nusu kwa siku ni za kuta tu, na siku chachu inapochacha kwa nguvu inadai kama chupa moja zaidi. Ukitumia povu la sentimita 2.5, kuta zinadai mara mbili. Angalia jambo lenyewe: mla barafu mkubwa ni ukuta, si chachu, kwa hiyo fedha yako iende kwenye unene wa povu na kuziba viungo kabla ya feni na vikorokoro. Njia hii inafanya kazi vizuri kabisa. Kinachokushinda ni kuamka usiku wa pili kubadilisha chupa, na ukilala ndipo bia inapanda.

Njia ya tatu ni kubadilisha mfanyakazi badala ya kubadilisha hali ya hewa. Chachu za kveik, zilizotunzwa na wapikaji wa bia wa mashambani Norway, huchachusha kati ya nyuzi 30 na 40 bila kuchoma koo. Kwa chumba chako hiyo ni pakiti moja na tatizo limekwisha, bila waya wala kompresa. Hutapata kila ladha kwa kveik, na ukishapenda laga hutakwepa friji. Lakini wakati unahangaika na ujenzi, pika mkupuo mmoja wa kveik usikae na kiu.

Ukishaifunga friji, usianze na bia. Kwanza hakiki kihisi: saga barafu, ijaze glasi, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika kadhaa, chovya. Isomeke 0. Ikisoma 0.8, sahihisha kwenye mpangilio wa kidhibiti. Kisha jaza ndoo lita 20 za maji ya bomba, funga kihisi kama nilivyoeleza, tia kipimajoto cha pili ndani ya maji, na uiache siku mbili. Andika namba zote mbili asubuhi, mchana na usiku. Maji hayatoi joto wala hayajikorogi kama bia inayochachuka, kwa hiyo yakoroge kabla ya kupima. Zikitofautiana kwa chini ya nyuzi moja uko vizuri.

Siku ya bia yenyewe, ipoze mpaka 18 kabla ya kutia chachu. Hili usilirushe. Friji haipozi lita 20 kutoka 28 kwa dakika. Inachukua saa nyingi, na saa hizo ndizo chachu inazotumia kuanza kuzaliana kwenye joto ulilokuwa unalikimbia. Ikibidi, funga ndoo ilale kwenye friji usiku kucha, chachu itie asubuhi. Shikilia 18.5 hadi 19 kwa siku tatu, povu likianza kushuka panda hadi 20, kesho yake 21, uiache hapo mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Uharibifu wa ladha hutokea mwanzoni. Ukilazimika kuzembea, zembea wiki ya pili.

Mwite fundi umeme, usijaribu mwenyewe, ikiwa ukigusa mwili wa friji unasikia mtetemo wa shoti, ikiwa soketi ya ukutani haina ethi, ikiwa plagi inapata moto au swichi kuu inajikata friji inapowaka. Friji za zamani huvuja umeme, na wewe utakuwa unaishika kwa mikono iliyolowa. Fundi wa friji naye aitwe ikiwa kompresa inanguruma bila kukoma na ndani hakupoi, au unaona mafuta kwenye viungo vya bomba. Kujaza gesi si kazi ya kujifunzia nyumbani.

Chupa 30 sasa. Hukusema ni za mkupuo upi. Zikiwa za ndizi, weka mbili kando, onja moja baada ya mwezi na nyingine baada ya miezi miwili. Esta hiyo hupungua na bia huenda ikanyweka. Zikiwa za kuchoma koo, alkoholi nzito hazina pa kwenda, zimo kwenye chupa na zitabaki humo, hata ungezitunza mwaka. Kabla ya yote fungua moja ya baridi juu ya sinki. Ikirusha povu mpaka dari, kuna kitu bado kinakula sukari humo ndani: zipoze zote vizuri, vaa miwani na glavu nene, zifungue moja moja uzimwage, uzioshe. Chupa utazihitaji wiki sita zijazo.